Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya Mambo ya Kale, Zanzibar: Beit al-Ajaib likifunguliwa, tupeni ukuta wa picha

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kuhusu picha za zamani za mji wetu: zile zilizochongwa kwenye mbao na kuchapwa katika magazeti ya Ulaya, zile zilizochorwa juu ya jiwe la kuchapia, na kadi za posta zilizofuata baadaye. Jumba la Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu pale Forodhani, lililoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili, litafunguliwa tena siku moja inshaallah. Hapo patakuwa na mjadala wa nini kiwekwe ndani, na najua wenye sauti kubwa watataka viti vya enzi, majambia na sahani za Kichina. Sina ugomvi navyo. Ninachoomba ni chumba kimoja kitengwe kwa picha hizi, na ndani ya chumba hicho chakula cha mji huu kipewe heshima sawa na makasri.

Nieleze kwanza kwa nini nimeona niandike hadharani. Kuna duka moja la vitu vya kale, jina lake nalihifadhi, linalouza picha nzuri ya Forodhani, imetiwa rangi na kuwekwa fremu ya mninga. Chini imeandikwa "Zanzibar 1850". Tazama vizuri utaliona Beit al-Ajaib, na mnara wa saa uko katikati ya uso wake. Sasa jumba lile limejengwa na Sultani wetu Sayyid Barghash mwaka 1883. Na mnara haukuwa hapo hata yeye alipofariki mwaka 1888, kwani enzi zile ulikuwepo mnara wa taa uliosimama peke yake mbele, karibu na bahari. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilimpiga mizinga Sayyid Khalid, aliyejitangaza Sultani, kwa muda usiofika saa nzima. Beit al-Hukm, kasri la jirani, likasambaratika, mnara wa taa ukaharibika hata ukabomolewa, na mwaka 1897 Beit al-Ajaib likaongezewa mnara huu tunaoujua, ule ulioanguka mwaka 2020. Kwa hiyo picha ya dukani haiwezi kuwa ya kabla ya 1897. Mgeni anainunua na tarehe yake ya uongo, anaitundika kwao, yamekwisha. Linaloniuma ni kuwa sisi wenyewe tunapita pale kila siku na hakuna anayeshtuka. Mtoto wa skuli hajawahi kuwekewa picha mbili ubavuni kwa ubavu, moja yenye mnara baharini na moja yenye mnara kwenye jumba, akaambiwa: hapa katikati ndipo palipopigwa mizinga.

Ukizizoea picha hizi, Mheshimiwa, utaona nyingi zimechorwa kutoka baharini. Sababu ni rahisi: wachoraji wengi walikuwa maofisa wa meli na wasafiri waliokaa kwenye sitaha huku chombo kimetia nanga. Ndiyo maana tunayo Ngome Kongwe, makasri, nyumba za mabalozi na bendera zake kwa wingi, lakini vichochoro vya ndani ni haba, na Ng'ambo ya vibanda vya makuti, upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukivukwa kwa daraja la Darajani, ni haba zaidi. Anayeutazama mji kupitia picha hizi anaweza kudhani Unguja ilikuwa safu moja ya majumba meupe na nyuma yake hakuna mtu.

Halafu kuna mkono wa pili. Mchoro wa penseli ulisafirishwa hadi London au Paris, ukakabidhiwa mchongaji ambaye hajawahi kuona mnazi wala jahazi. Kwa picha kubwa za magazeti, vipande vya mbao ngumu viliungwa kwa skurubu, kila fundi akapewa kipande chake achonge, kisha wakaviunganisha tena. Katika baadhi ya picha unauona mstari mweupe, mwembamba kama uzi, umekata mbingu na ukuta kwa pamoja: hapo ndipo mbao zilipokutana. Mchoro ulipokuwa na pengo, mchongaji alilijaza kwa anachokijua yeye. Mfano mkongwe ni karatasi iliyochapwa Köln mwaka 1572 katika kitabu cha miji ya dunia cha Braun na Hogenberg, ambamo Kilwa na Mombasa zimewekwa pamoja na Aden na Sofala. Aliyechora hakutia mguu pwani hii. Majengo yake yanakumbusha Ulaya kuliko Kilwa. Mimi nakipenda kipande kile hivyo hivyo, kwa sababu kinaonyesha kwamba miaka ile mtu wa Köln alijua Kilwa ni mji wa kutajwa pamoja na miji.

Si zote zilizotungwa kichwani. Nahodha Mfaransa Charles Guillain alipita pwani hii kati ya 1846 na 1848 akiwa na mtambo wa awali kabisa wa kupigia picha, ule wa kutumia bamba la shaba lililopakwa fedha. Picha zake zikachorwa upya juu ya jiwe na kuchapwa pamoja na maandishi yake mwaka 1856. Hizo ni shahidi wa namna nyingine, ingawa nazo zimepita mkononi mwa mchoraji. Zipo pia picha za soko la watumwa, na hizi zitahitaji uangalifu. Nyingi zilichapwa kipindi cha kuelekea mkataba wa 1873 uliofunga soko la Mkunazini, na zilikusudiwa kuwatikisa wasomaji wa Uingereza. Zionyeshwe, maana lililotendeka lilitendeka, lakini zisemewe ni nani aliyezichapa na kwa ajili ya nani, zisitundikwe kama pambo la mgahawa. Nimeona zikitundikwa hivyo.

Wapo watakaosema hii ni anasa ya wasomi, mafundi wanahitaji chokaa na boriti, hawahitaji karatasi. Muulize fundi mwenyewe. Nyumba ya kale ya Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na upana wa chumba chake umefuata urefu wa boriti ya mkandaa. Leo takriban kila nyumba ina bati, na watu wanaamini ndivyo zilivyozaliwa. Picha za karne ya 19 zinaonyesha mapaa bapa, nyumba baada ya nyumba. Zinaonyesha wapi palikuwa na roshani na wapi roshani imeongezwa juzi. Jumba la Beit al-Ajaib lenyewe, na zile nguzo zake za chuma zilizobeba varanda kuzunguka pande zote, limepigwa picha kutoka kila upande kwa zaidi ya miaka mia. Anayetaka kulijenga kama lilivyokuwa lazima aamue kwanza: lilivyokuwa lini? La Barghash halikuwa na mnara. Uamuzi wowote mtakaoutoa, wananchi wana haki ya kuona picha zilizotumika kuufikia.

Sasa nije kwenye chakula, maana hapa ndipo pengo lilipo.

Makasri yamechorwa hata tumechoka. Jiko halikuchorwa. Mgeni wa kiume mwenye kalamu hakuruhusiwa kupita ukumbi wa wanaume, na jiko lilikuwa ndani, kwa wanawake, au uani kwa watumwa na wapishi. Kwa hiyo tunajua umbo la mlango wa Sayyid na hatujui umbo la chungu chake. Kwa maneno tumeachiwa zaidi. Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandika alichoandaliwa: wali uliopikwa kwa samli katika chombo kikubwa cha mti na kitoweo juu yake cha kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Ukimsomea hayo mpishi wa harusi wa leo hatoona kitu cha ajabu, pengine atauliza tu samli ilikuwa kiasi gani. Na Bibi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886, alituingiza katika maisha ya ndani ya kasri ambako mchoraji hakufika.

Kilichopatikana kwa picha ni chakula cha njiani. Kuelekea mwaka 1900 studio za mjini, kama ya A. C. Gomes na ya ndugu wa Coutinho, zilipiga na kuuza picha za watu wa mitaani, na nyingi zikawa kadi za posta. Hapo ndipo utamkuta muuza kahawa. Dele la shaba lenye mdomo mrefu, makaa chini yake, vikombe vidogo visivyo na mkono ambavyo mwenye kazi huvigonganisha kiganjani ili mtaa ujue amepita. Utawakuta wauza nazi, wauza matunda, wanawake wanaotwanga. Maelezo yaliyochapwa chini yake yanakera: "mwenyeji", "mwanamke wa Kiafrika", basi. Jina hakuna, mtaa hakuna, kilichomo kinuni hakuna.

Hilo tunaweza kulirekebisha kwa sehemu, na kwa haraka, kwa kuwa wenye kujua bado wapo. Mkalishe bibi aliyepika shughuli za watu maisha yake yote mbele ya picha ya soko la miaka ile ya 1904, soko la Darajani lilipofunguliwa, umuulize anaona nini. Atakwambia ungo ule ni wa kupepetea na ule wa kuanikia, kifumbu kile cha kuchujia tui kinafumwa vipi, mbuzi ile ya kukunia imekaa kwa mtu wa mkono gani. Maneno hayo yaandikwe, na yawe ndiyo maelezo ya picha, na jina lake likiwekwa ikiwa ameridhia. Vyombo vyenyewe viwekwe chini ya picha: kinu, kawa, chungu, dele. Vingi bado vinauzwa sokoni, havihitaji hata bima. (Zanzibar piza ya Forodhani naila, Mheshimiwa, na inanipendeza. Lakini wageni wanasimuliwa kama kwamba Barghash aliifungulia saumu, na chumba hiki kingesaidia kulimaliza suala hilo.)

Kuhusu fedha na ruhusa: picha zilizochapwa karne ya 19 haki za waliozichora zimekwisha muda. Maktaba nyingi za nje zimekwishazitia kwenye intaneti. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, peke yake kina mkusanyiko wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na mtu anaufungua kwa simu. Hapa nyumbani tuna Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Hatuna haja ya kununua karatasi za asili kutoka kwa wafanyabiashara wa Ulaya wanaochana vitabu vya kale ili wauze ukurasa mmoja mmoja, na tafadhali tusiwape biashara hiyo. Zaidi ya hayo, karatasi ya gazeti la kale na hewa ya chumvi ya Forodhani hazipatani. Nakala kubwa, iliyochapwa vizuri, inatosha ukutani, na ikififia inachapwa nyingine. Za asili tulizonazo zibaki ghalani gizani.

Nakala hizo zisiishie ndani. Chache zisimamishwe nje, kwenye ukuta wa bahari, mahali pale pale mchoraji alipokuwa ameelekea, ili mtu ainue macho kutoka kwenye picha na kulinganisha mwenyewe. Kiswahili kiwe cha kwanza na cha herufi kubwa, lugha nyingine zifuate. Kila picha iseme aliyeichora, mwaka, kama alifika au hakufika, na kosa lake liko wapi. Wanafunzi waingie bure.

La mwisho ni la albamu za majumbani. Mji huu umejaa picha zilizofungwa makabatini: harusi, maulidi, masinia ya biriani yamepangwa ukumbini, dukani kwa mtu kabla ya Mapinduzi. Ukitoa tangazo watu wazilete ofisini, hutapata kitu, kwa sababu hakuna mtu atakayeacha picha ya marehemu bibi yake ilale kwenye droo ya serikali akisubiri aitwe. Mashine ya kunakilia na iletwe barazani, Malindi, Shangani, Mkunazini, Mchangani, kisha ivuke Darajani iende Ng'ambo ambako wachoraji hawakwenda. Mwenye picha akae, aione inanakiliwa mbele yake, aeleze nani ni nani na walikula nini siku ile, aondoke nayo mkononi. Kazi hiyo haina haja ya kungoja jengo likamilike. Vijana wa kujitolea wapo, na nitakuwa wa kwanza kubeba meza.

Wako katika ujenzi wa nchi,

Mkaazi wa Mji Mkongwe
Unguja