Sheli hukauka malori yakiwa barabarani

Mhariri,

Sheli ikikauka Rombo au Karatu, watu husema malori hayatoshi au mafuta yamefichwa. Mara nyingi mafuta yapo bohari na lori lipo, ila anayeagiza mafuta na anayepanga safari hawazungumzi. Wa kwanza hupiga simu tenki likiwa limebakiza siku moja; wa pili hukimbiza lori simu ilikotoka. Tunasema maamuzi hayo yafanywe pamoja: apelekewe nani, siku gani, lita ngapi, kwa njia ipi.

Chukua tenki la ardhini la petroli la lita 20,000. Lisijazwe kupita 19,000, maana mafuta hutanuka kwa joto, na tuseme lita 1,000 za chini pampu haizivuti. Sheli ikiuza lita 3,000 kwa siku na kutaka akiba ya siku moja, isishuke chini ya 4,000. Lori la lita 36,000 lina vyumba sita vya lita 6,000, na kama halina mita, kila chumba kimwagwe chote mahali pamoja. Tenki likianza limejaa, chumba kimoja kitaingia baada ya siku mbili, viwili baada ya siku nne, na siku ya tano ndiyo kikomo. Kwa hiyo sheli hiyo haina siku moja ya kupelekewa. Ina nafasi ya siku tatu, na faida yote imo humo.

Lori la kutoka Tanga kuja Moshi hupita Same, Mwanga na Himo. Moshi ikihitaji lita 24,000, vyumba viwili vimebaki. Mpangaji anayeona dipu za asubuhi (vipimo vya mafuta yaliyomo tenkini) za sheli zote atamwaga kimoja Same na kingine Himo, ingawa huko hakuna aliyelalamika bado. Mpangaji wa simu atapeleka lori likiwa na theluthi tupu, kisha keshokutwa alirudishe barabara ileile kwa ajili ya Same. Rombo ni jambo jingine, kwa sababu lori huiacha barabara kuu pale Himo na kupanda kupitia Marangu hadi Mkuu. Huko ni afadhali kwenda mara chache na mzigo mkubwa, na kwa maoni yetu kuongeza tenki la pili kwenye sheli ya pembeni mara nyingi ni nafuu kuliko kununua lori.

Kwa sheli kumi hivi, jedwali la Excel na dipu za saa 12 asubuhi zinazotumwa kwa WhatsApp zinatosha. Zikizidi hapo tafuta programu, kwani michanganyiko ya siku, lita na njia huongezeka kupita uwezo wa kichwa cha mtu. Si jambo geni. Mwaka 1983 ilichapishwa taarifa ya kampuni ya Marekani, Air Products, iliyopanga hivyo usambazaji wa oksijeni na naitrojeni katika hali ya kimiminika na kuokoa asilimia 6 hadi 10 ya gharama za uendeshaji.

Mipango hii huharibika kwa namna zinazojulikana. Ukipanga wiki moja tu, hesabu itakuletea mpango wa bei rahisi unaoacha matenki yote matupu Jumapili jioni, kwa sababu haioni Jumatatu. Panga wiki mbili, tekeleza siku mbili za mwanzo, kisha panga upya kwa dipu mpya. Pili, siku sheli ilipokauka iliuza lita sifuri. Ukiiingiza sifuri hiyo kwenye wastani, utaipelekea pungufu tena. Tatu, wastani wa mwaka hauna maana Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, wala hausaidii Karatu magari ya watalii yanapojaa kuanzia Juni.

Meli nazo zina hesabu hiyohiyo, ila kosa lake ni ghali zaidi. Meli ikifika Tanga mapema, matenki ya bohari hayana nafasi, nayo husubiri nje huku gharama ya ucheleweshaji ikihesabiwa kwa siku. Ikichelewa, malori hupanga foleni bohari. Ratiba ya meli inapotolewa bila kutazama kasi ya malori kukomba bohari, mpangaji wa Moshi hawezi kufanya lolote.

Lakini panapokwamisha zaidi ni fedha. Mwenye sheli hulipa kabla ya kupakia, hivyo ukimpelekea chumba kabla hajaishiwa, mtaji wake unalala ardhini. Tena bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji nchini Tanzania, hubadilika Jumatano ya kwanza ya kila mwezi: akihisi zitashuka hapokei lita hata moja, akihisi zitapanda anataka vyumba vyote sita. Anayetaka kupanga kwa dipu hana budi kukubali kulipwa kadiri mafuta yanavyouzwa. Mkataba useme kwamba usiku wa kuamkia bei mpya dipu ipigwe pande zote mbili zikiwepo, na hasara au faida ya lita zilizobaki igawanywe. Bila kifungu hicho mwenye sheli atakikataa chumba cha siku ya pili, na mpangaji atarudi kungoja simu.

Wapangaji wa safari za malori ya mafuta,
Moshi