Na jembe letu lihesabiwe

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji wenu mmoja aliandika kwamba sisi wa milimani ndio tunaomaliza maji ya Mto Pangani kwa mifereji yetu ya kienyeji inayovuja. Barua yake nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa ukingoni mwa ndiva nangoja zamu yangu. Naomba nafasi nimjibu. Nikishamjibu, nina ombi langu.

Mimi ni katibu wa kamati ya ndiva katika kijiji kimoja cha Upare, wilaya ya Same, upande unaotazama Makanya. Kwa wasioijua, ndiva ni lambo dogo la udongo na mawe. Kijito chetu ni chembamba. Ukikifungulia shambani moja kwa moja, maji yote yananywewa na mfereji kabla hayajafika kwenye hindi la kwanza. Kwa hiyo jioni tunaziba mlango wa ndiva, maji yanajikusanya usiku kucha, na alfajiri mgawa maji anazibua yatoke kwa kishindo, yafike mbali. Hesabu hiyo waliipiga babu zetu bila saruji wala mhandisi. Yetu mpaka leo inaitwa kwa jina la ukoo ulioichimba, ingawa siku hizi ni ya kijiji.

Na wenzetu walio juu yetu tuna mapatano: mchana maji ni yao, usiku ni yetu. Hakuna karatasi. Kiangazi kikikaza mapatano hayo huyumba, sitaki kudanganya. Nimewahi kupanda saa tano usiku kwa tochi ya simu, nikamkuta mtu niliyesoma naye darasa moja ameshindilia gunia la mchanga kwenye mfereji, maji yetu yanaelekea kwenye maharage yake. Alitozwa faini ya debe la mahindi, akalipa. Jumamosi ile ile tulikaa meza moja harusini, naye ndiye aliyenipakulia pilau.

Sasa kuhusu kuvuja. Ni kweli, mfereji wetu unavuja. Miaka kadhaa iliyopita mfadhili mmoja alitujengea kipande kwa saruji, nasi tukashangilia. Haikupita miezi mitatu, bibi mmoja anayekaa chini ya kipande hicho alikuja kwenye kamati na fimbo yake kuuliza nani kamfungia maji, maana migomba yake inanyauka. Hakuna aliyekuwa amemfungia. Migomba ile miaka yote ilikuwa ikinywa uvujaji. Tukalazimika kumtobolea tundu la saizi ya kidole gumba, na limo kwenye orodha ya zamu kama mtu. Ningependa mwandishi wa ile barua aje aone maji anayoyaita yamepotea yanakokwenda.

Wala siwaonei watu wa mjini wivu. Rais alipozindua mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, Machi 2025, binti yangu anayeishi Same mjini alinipigia simu, nami nikafurahi kuliko yeye. Miaka mingi amenunua maji kwa dumu. Lakini bomba lile lina mafundi wenye mishahara. Mfereji wetu una msaragambo.

Msaragambo ni hivi. Inatangazwa jioni, na kesho yake saa moja asubuhi kila kaya imetoa mtu na jembe. Asiyekuja bila udhuru analipa. Mwaka jana tulitoka mara 14. Mara nyingi ni kuzoa tope, kwa sababu masika yakija kwa fujo yanaishusha ardhi ya juu yote ndani ya ndiva, na ndiva yenye tope nusu inahifadhi nusu ya maji. Wanaume wanachimba, wanawake tunabeba kwa karai, vijana wanapiga picha halafu nao wanabeba. Tukagundua kwamba tunazoa tope lile lile kila mwaka, tukapanda juu kwa wenye mashamba kuwaomba wachimbe fanya juu, yaani mitaro ya kukinga mteremko ambayo udongo wake unatupwa upande wa juu uwe tuta, na kuotesha majani ya tembo kwenye kingo. Wengine walikataa. Tukawachimbia sisi, kwa msaragambo, kwenye mashamba yasiyo yetu. Majani wanakata wao kwa ng'ombe wao.

Halafu kuna mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Ni sheria nzuri ukiisomea mahali tambarare. Sisi tuliipima kwa kamba ya kufungia ng'ombe kuanzia kwenye chemchemi yetu, na kamba ikalimeza shamba zima la mjane mmoja, likabaki tuta la magimbi tu. Kumwambia aondoke kwa sababu ya sheria ilikuwa rahisi, na asingekuwa na la kujibu. Kamati ilikaa vikao vinne. Mwishowe koo mbili zilimkatia kila moja kipande, naye akakubali tung'oe mikaratusi ya marehemu mumewe, ile inayokunywa kama ngamia, tukapanda mikuyu. Mwenyewe ndiye anayeimwagilia, na mbuzi wa mtu akisogea pale anasikia.

Haya yote ninayaandika kwenye kaunta buku: tarehe, majina, kazi iliyofanyika, saa tulizotumia. Na hapo ndipo penye ombi langu.

Sheria ya maji ya 2009 inataka tuwe na kibali cha kutumia maji na tulipe ada, na inatoa nafasi ya kuunda jumuiya ya watumia maji. Sikatai. Najua mnatutania kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ashinde kesi ya kuku, na kwamba mwaka 1945 babu zetu walijaa Same kwa maelfu kupinga kodi ya mbiru, wakakaa hapo miezi. Walikuwa na haki yao: hawakuelewa mtu wa bomani anawezaje kukadiria mali ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga uani kwake. Mimi sijaja kukataa ada. Nilibeba kaunta buku langu mpaka ofisi inayohusika nikauliza: hizi siku 14 za watu wote hawa zinaandikwa wapi kwenye fomu yenu? Kijana aliyenipokea, mstaarabu tu, aliigeuza fomu mbele na nyuma. Kulikuwa na nafasi ya kiasi cha maji tunachotumia. Ya kazi ya kuyatunza haikuwepo. Akasema, "Mama, hii mfumo hauisomi."

Mitambo ya umeme ya Hale na Pangani inazungushwa na maji ya bonde hili la Mto Pangani, na kila tope tunalolizuia kwenye fanya juu ni tope ambalo halikushuka. Kama ofisi ya bonde inatuhesabu pale tunapochota, ituhesabu na pale tunapotunza. Fomu iwe na mstari mmoja zaidi: siku za msaragambo, zilizothibitishwa na serikali ya kijiji, zikatwe kwenye ada ya jumuiya. Anayehofia tutadanganya atume mtu aje ahesabu majembe. Tunaanza saa moja, na saa saba makande yanakuwa yameiva.

Bibi wa migomba alinituma niandike pia kwamba tundu lake lisiguswe.

Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai. Nitarudi ofisini kwa yule kijana, kaunta buku nimelitia jalada la nailoni kwa sababu safari iliyopita lilinyeshewa nikiwa juu ya bodaboda, na kurasa za Machi hazisomeki vizuri.

Katibu wa kamati ya ndiva,
Same, Kilimanjaro
(Jina na anwani mnavyo)