Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Irabu Zilizopotea Njiani

Masharifu, walimu wenzangu, mama zangu mlioacha majiko yenu kuja kukaa kitako hapa, na vijana wetu mliosimama nyuma: assalaam alaykum.

Kawaida ya taarifa za chama chetu hapa Lamu, cha kuchapisha maandishi ya waliofukuzwa kwao, ni kuanza na mafanikio, kisha matatizo yakapenyezwa pale watu wanapoanza kuangalia saa. Mimi nitaanza na kosa, kwa sababu kosa lenyewe ni langu, na nusu yenu mmeshalisikia barazani likiwa limetiwa chumvi.

Mnaukumbuka mswada wa mashairi kwa lugha ya Chimiini wa yule mama wa Barawa, pwani ya Somalia, anayekaa Mombasa. Tulikubaliana kitabu kiwe cha kurasa mbili mbili: kushoto Chimiini kama alivyotunga mwenyewe, kulia tafsiri ya Kiswahili. Mimi nilipewa kazi ya kupitia nakala ya mwisho kabla haijaingia mashineni. Ikaniingilia kwenye simu siku niliyokuwa Mokowe, maji yamekupwa, tunangoja boti. Nikapitisha kidole juu ya kurasa, nikaona mistari imepangika na vina vimelala sawa, nikajibu, "Endeleeni."

Kumbe huko kiwandani kuna kijana mwenye bidii. Alipouona ule ukurasa wa kushoto akadhani ni Kiswahili kilichoandikwa vibaya, akatusaidia. Kila "chi" ikawa "ki". Kila irabu iliyoandikwa mara mbili ikakatwa ikabaki moja. Na juu ya jalada, kwa herufi kubwa za rangi ya dhahabu, jina la lugha likasomeka "Kimini". Nakala 300, zimefungwa kwa nailoni, zimepandishwa basi hadi Mokowe, zimevushwa, zimebebwa na punda hadi stoo. Tulizifungua kwa bismillahi, Bwana Katibu akasoma jalada, akanyamaza.

Kwa wanachama wapya: Chimiini ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, na jina lake maana yake ni lugha ya mjini, mji wenyewe ukiwa Barawa. Ndani yake irabu ndefu na irabu fupi hutenganisha neno na neno. Ukiikata irabu hukufupisha mwandiko tu, umebadilisha neno. Wazee wao waliitungia mashairi kwa herufi za Kiarabu kama wetu walivyofanya hapa. Dada Masiti, aliyefariki mwaka 1919, bado husomwa na watu ambao hawajaiona Barawa kwa macho. Mji ulipoporwa baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wenyewe walipanda majahazi wakashuka Mombasa, wakakaa makambini miaka, kisha wengi wakatawanyika hadi Marekani na Uingereza. Kitabu kikubwa cha msamiati wao kimechapishwa Tokyo mwaka 2004. Basi mjukuu akitaka kuhakikisha neno la bibi yake, afunge safari ya Japani.

Nilikwenda Mombasa mwenyewe na nakala moja mkobani. Sikutaka apate habari kwa simu. Mama alikuwa amekaa kitandani, macho hayamsaidii tena, akamwambia mjukuu wake asome. Binti akaanza. Beti ya kwanza mama akakunja uso. Beti ya pili akainua mkono: "Ni nani huyu anayesema?" Nikamweleza. Nilidhani atalia, au atanifukuza. Akacheka mpaka akakohoa, akasema tangu atoke kwao amebadilishiwa jina katika kila karatasi aliyopewa, na sasa hata lugha imepewa jina la kambini. Kisha akaacha kucheka. Akaomba nakala 20 zibaki kama zilivyo, "wajukuu waone," na zilizobaki zisiuzwe.

Kitabu kimechapwa upya. Baada ya maneno mengi, kiwanda kilibeba nusu ya gharama na sisi nusu. Sitamsema vibaya yule kijana hapa, na nawaomba na nyinyi msimseme, kwa sababu nitakayoyaeleza sasa sijapata kuyaeleza hadharani.

Nimefundisha Kiswahili miaka zaidi ya thelathini, mingi yake katika kisiwa hiki. Mtoto wa Amu akiandika katika insha yake "mato", nilipiga mstari mwekundu nikaandika "macho". Akiandika "mui wetu", nilimwandikia "mji". "Ndia" nikaigeuza "njia". Nilikuwa nikifanya nilivyoagizwa, na mtihani ni mtihani, sijutii kuwapasisha. Lakini mama yangu ni Mbajuni aliyekimbia bara ya huko juu wakati wa vita vya shifta kaskazini mwa Kenya, kati ya 1963 na 1967, vijiji vilipohamwa na watu wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa. Alikuja na watoto, sufuria moja na Kitikuu chake, lahaja ya Wabajuni. Mimi, mwanawe, nilikuwa nikirudi nyumbani jioni na kalamu nyekundu mfukoni, nikimsahihisha hata yeye. Yule kijana wa kiwandani huenda aliwahi kuwa mwanafunzi wa mwalimu kama mimi.

Kwa hiyo kamati imepitisha utaratibu mpya, na naomba mkutano uuthibitishe. Hakuna mswada utakaokwenda kiwandani mpaka usomwe kwa sauti, neno kwa neno, na mtu aliyezaliwa na lugha hiyo, mbele ya wanakamati wawili. Akiwa mbali, kwa simu. Mwenyekiti haruhusiwi kuidhinisha chochote akiwa safarini. Kifungu hicho cha mwisho kimetungwa kwa ajili yangu, nami nimekitia saini.

Utaratibu huo tuliujaribu kwenye kitabu cha pili cha mwaka, hadithi za kijana wa kambi za wakimbizi za Dadaab. Amezaliwa kambini. Kambi zile zilifunguliwa kuanzia 1991 kwa watu elfu 90, wakaja wengi zaidi, na wamepatikana watu wazima ambao hawajui kwengine. Shule za kule hufuata mtaala wa Kenya, ndiyo maana Kiswahili chake ni safi kuliko cha baadhi ya wanakamati. Ameandika mazungumzo ya mama na watoto kwa Kisomali, na masimulizi kwa Kiswahili, bila kutafsiri kila kitu. Kulikuwa na maoni kwamba msomaji wa Lamu atapotea. Nikasema apotee kidogo, hata yule mtoto wa hadithini amepotea. Kisomali kina mwandiko rasmi wa herufi za Kilatini tangu 1972, ambamo "x" ni ile ha ya Muhammad na "c" ni ile ain ya Ali, kwa hiyo Maxamed na Cali walihitaji kulindwa dhidi ya yule rafiki yetu mwenye bidii. Tulisoma kwa simu kwa muda wa usiku tisa. Hakuna hata herufi moja iliyopotea.

Mwandishi mwenyewe hakuweza kuja kwenye uzinduzi. Mkimbizi hatoki kambini mpaka apewe kibali cha safari, na chake hakikutoka kwa wakati. Tuliweka simu juu ya meza pale Mkunguni, mbele ya Ngome, tukaiegemeza kwenye chupa ya maji, naye akasoma. Mtandao ulikatika mara tatu. Mara ya tatu wavuvi waliokuwa wakipita walisimama, wakakaa, wakangoja hadi urudi. Wote waliokuwapo watakubaliana nami kwamba hatujapata kuwa na uzinduzi uliosikilizwa namna ile, hata ule wa mwaka juzi uliokuwa na biriani.

Sasa nafika penye mgogoro. Mezani tuna mswada wa mzee mmoja wa Mpeketoni, ngano na kumbukumbu kwa Kigikuyu, pamoja na tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya binti yake. Alikuja na mpango wa serikali wa kugawa mashamba ya makazi pale Ziwa Kenyatta miaka ya sabini, kijana mwenye panga na gunia la mbegu. Ameandika kuhusu safari ya lori, mbung'o, fisi, na usiku wa Juni 2014 alipolala shambani na wajukuu huku mji ukishambuliwa na kuwaka. Kamati iligawanyika. Wenzetu wanasema chama hiki kiliundwa kwa waliofukuzwa, na aliyepewa ardhi hakufukuzwa. Wanasema hilo wakiwa na sababu. Kuna watu katika ukumbi huu ambao babu zao walilima bara wakakimbia shifta, na waliporudi kutazama walikuta hati ina jina la mtu mwingine. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Sitasimama hapa kusema dai hilo limekwisha. Halijakwisha.

Niliukataa mswada ule kabla ya kuusoma. Katibu akaniletea nyumbani bila kusema neno, akauacha juu ya kiti. Nikausoma kwa ukaidi, nikitafuta mahali pa kukasirikia, na mahali hapo nilipapata. Nikapata pia ukurasa ambapo mzee anaeleza kwamba watoto wake wakirudi Nyeri huitwa watu wa pwani, na hapa huitwa watu wa bara, na yeye hajui akifa azikwe wapi. Mzee wetu mmoja wa kamati, mtu wa Pate, alitukumbusha kwamba Witu, hapo hapo jirani na Mpeketoni, ulijengwa na sultani aliyekimbia, Ahmed aliyeitwa Simba, na mji wake ukajaa watoro waliokimbia utumwa. Nani aliyekuwa mwenyeji Witu? Mzee aliuliza hivyo akaendelea kunywa kahawa yake.

Msimamo wangu ni kwamba tuuchapishe, na utangulizi useme wazi kwamba ardhi ina maneno yake na wengine watayaandika. Herufi za Kigikuyu zenye mawimbi juu, ĩ na ũ, zibaki na mawimbi yao. Lakini mimi nina kura moja tu. Kura itapigwa leo baada ya chai, kwa karatasi, si kwa kunyoosha mikono, maana hapa tunajuana mno.

Hesabu atazisoma mweka hazina, sitamwibia kazi. Nitasema tu kwamba gharama ya kuchapa upya imekula akiba ya kitabu kimoja kizima, na kwamba VAT ya asilimia 16 iliyowekwa kwenye vitabu tangu sheria ya 2013 ni mzigo usiolingana na chama kinachouza vitabu juu ya mkeka. Mauzo mazuri yalikuwa siku za Maulidi na siku za tamasha la Novemba. Wageni wa tamasha hununua kwa picha ya jalada, wa Maulidi hununua baada ya kusoma kitabu chote wamesimama, kisha huomba wapunguziwe. Ada za wanachama zimelipwa na wachache. Wasiolipa ni wale wale ambao nawaona wakiongeza sahani ya halwa, na mimi si mtu wa kutaja majina.

Stoo imepata ukungu tena. Chumvi ya bahari haina adabu, na mchwa wamekula kasha la vitabu vya mwaka juzi kuanzia chini, kimya kimya, mpaka lilipoinuliwa likabaki jalada mkononi. Tunahitaji rafu za chuma, au angalau matofali ya kuinulia makasha. Fundi amesema atafanya kwa nusu bei akipewa nakala ya zile hadithi za Dadaab. Nimempa.

Kabla sijasahau, wapo walioniuliza kwa nini tung'ang'anie kurasa mbili mbili, ilhali zinaongeza karatasi na bei. Jibu langu ni refu, ila fikirini juu ya Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja aliyekimbilia Uingereza, akaandika kwa Kiingereza maisha yote, akapata Nobel mwaka 2021, na riwaya yake moja ikasomeka kwa Kiswahili, Peponi, mwaka 2022, karibu miaka thelathini tangu itoke. Na hati zetu wenyewe, zile alizonakili Muhamadi Kijuma kwa mkono wake hapa Amu, nyingi ziko London na Ujerumani. Mwanafunzi wa mtaa wa Langoni akitaka kuzigusa inambidi avuke bahari. Mimi naona tulipie hiyo karatasi ya ziada.

Muda wangu wa uongozi unakwisha leo. Nikipendekezwa tena sitakataa wala sitaomba. Atakayeshika nafasi hii atapokea funguo mbili za stoo, daftari la ada, na simu inayolia usiku kutoka Dadaab.

Zile nakala 20 za "Kimini" ziko kwenye kasha karibu na mlango. Haziuzwi, ni amana ya mama. Tutampelekea wiki ijayo boti ikipata maji. Anayetaka kuzitazama leo azitazame, ila anawe mikono kwanza.