Malalamiko Kuhusu Linkeji ya Kabureta Mbili Mliyoniuzia kwa Ajili ya Porsche 914

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: LINKEJI YA EKSILETA INAYONASA IKIWA WAZI

Nilinunua kwenu seti ya kufungia kabureta mbili kwenye Porsche 914 yangu ya lita 2.0, toleo la 1973. Ndani ya boksi kulikuwa na kabureta mbili za Weber 40 IDF, manifoldi zake (mabomba ya kuziunganisha na injini), chujio za hewa, na linkeji ya eksileta, yaani zile fito na mikono inayogeuza vipepeo (vibati vinavyofungua na kufunga njia ya hewa) vya kabureta zote mbili kwa pamoja. Kabureta sina ugomvi nazo, na manifoldi zilikaa vizuri kwenye hedi. Ugomvi wangu ni linkeji, na naomba msome barua hii hadi mwisho kwa sababu jambo lenyewe linaweza kuua mtu.

Juu ya boksi mmeandika kwamba seti ni ya 914. Linkeji iliyomo si ya 914. Imetengenezwa kwa Volkswagen zenye injini nyuma ya ekseli. Asili ya injini ni moja, hilo nalikubali, maana hii ya 914 ni ndugu ya ile ya Volkswagen 411. Lakini kwenye 914 injini imekaa katikati ya gari, mbele ya giaboksi, na imegeuzwa: feni inatazama viti. Waya wa eksileta unatoka kwenye pedali, unapita chini katikati ya sakafu na kuifikia injini kwa upande huo wa feni. Kwenye 411 waya unaingia kwa upande wa giaboksi. Kwa hiyo mvuto unatoka upande mwingine kabisa. Niliunganisha kama karatasi yenu inavyoelekeza, nikakanyaga pedali, na mkono ukavuta vipepeo kwa upande wa kuvifunga.

Nikapiga simu. Fundi wenu, bila hata kuniuliza injini imekaaje, akaniambia nigeuze mkono wa kati, niufunge juu chini. Nikafanya hivyo, vipepeo vikafunguka, nami nikashukuru.

Jioni ile, kabla ya kuwasha gari, nilimwomba mwanangu akae kwenye kiti akanyage mafuta taratibu hadi mwisho, mimi nikiwa nimeinama juu ya injini na tochi. Robo, nusu, robo tatu, mambo sawa. Alipofika mwisho nikasikia "tik" ndogo ya chuma. Mkono na fito yake vilikuwa vimenyooka kwenye mstari mmoja, kisha vikaupita mstari huo kidogo tu, kama unene wa sarafu. Nikamwambia aachie. Akajibu, "Baba, nimeshaachia." Pedali ilikuwa imebaki chini, na springi ya kurudisha, ambayo kazi yake ni kufunga vipepeo, sasa ndiyo ilikuwa inavishikilia wazi. Ilibidi nichomeke bisibisi na kuubetua mkono ndipo ukafyatuka.

Tulirudia mara tano. Ulinasa mara nne.

Injini ilikuwa imezimwa, na gari lilikuwa bandani. Mteja mwingine atakayefuata ushauri ule ule wa simu huenda akaligundua hili akiwa barabarani, anapita lori.

Hata mbali na kunasa, linkeji yenyewe haisawazishiki. Niliweka kipande cha ubao chini ya pedali isifike mwisho, nikawasha, nikapima hewa inayovutwa na kila upande. Bila kukanyaga mafuta, kushoto na kulia zote zilisoma kilo 5 kwa saa. Kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika kushoto ilisoma 12 na kulia 9, na injini ikatetemeka. Haishangazi, kwa sababu kila kabureta inalisha silinda mbili za upande wake, na fito ya kushoto imesimama kwa pembe tofauti na mwenzake, hivyo upande huo unatangulia kufunguka. Nilitaka kurekebisha urefu, nikakuta ncha zote mbili za fito zina nyuzi za skrubu za kulia. Ukiizungusha, ncha moja inaingia na nyingine inatoka, urefu uko pale pale. Fito ya kazi hii huwa na nyuzi za kulia upande mmoja na za kushoto upande wa pili. Kila fundi wa kabureta analijua hilo.

Na karatasi yenu ya kurasa nne haina hata sentensi moja kuhusu pampu ya petroli. Gari hili lilitoka kiwandani na injeksheni ya Bosch (mfumo wa kunyunyizia petroli badala ya kabureta), ambayo pampu yake inasukuma kwa shinikizo la takriban bar 2. Kabureta hizi zinahitaji kama bar 0.2. Mimi nilibadilisha pampu kwa kuwa nilijua. Asiyejua atafurikisha kabureta, na petroli itamwagika juu ya injini yenye moto, nyuma tu ya mgongo wake.

Naomba mnirudishie fedha za linkeji pamoja na gharama za usafirishaji. Kabureta na manifoldi nitabaki nazo. Zaidi ya hapo, waandikieni wote waliowahi kununua seti hii kwa ajili ya 914, muwaambie wasiendeshe kabla ya kukanyaga pedali hadi mwisho injini ikiwa imezimwa na kuona kama inarudi. Hili la pili nalitaka kuliko fedha zangu. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Linkeji nimeirudisha kwenye boksi lake pamoja na nakala ya risiti na picha. Mkono wa kati sikuusafisha. Mkwaruzo uko pale pale uliponasia, fundi wenu auone kwa macho yake.

Wenu,
Mteja, mmiliki wa 914