Mtoto anayesoma akitazama dirishani

Misungwi, Ijumaa jioni

Mpendwa Mama Neema,

Shoga yangu, habari za siku nyingi? Za huko Mtwara, za watoto, za Baba Neema? Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo imetuchelewea. Najua nimekaa kimya tangu Pasaka na umeshaninunia. Endelea kuninunia baadaye, sasa nisikilize, maana kuna jambo limenikaa kifuani wiki nzima.

Mwaka huu nimepewa darasa la tatu. Wako 87, dawati moja watatu. Nawafundisha Kiswahili pamoja na Historia ya Tanzania na Maadili. Jumatatu tulikuwa na kusoma kwa sauti. Akasimama kijana wa dawati la nyuma, akasoma aya nzima bila kukwama, wenzake wakampigia makofi, nami nikapiga. Kisha nikayaona macho yake. Yako dirishani, yanafuata mbuzi wanaokatiza uwanjani! Kidole kiko kwenye picha. Nikamfunulia ukurasa mwingine, nikamwonyesha neno "mwanga". Kimya. "Barua". Kimya. Mama Neema, mtoto amefika darasa la tatu kwa kukariri vitabu anavyosikia wenzake wakivisoma. Ana sikio kali kuliko darasa zima, ndiyo maana hakuna aliyemshtukia.

Sikumsema mbele ya wenzake. Jumanne nikatoa imla ya maneno kumi, na hapo nikajua hayuko peke yake. Walioandika "balua" niliwaelewa, Kisukuma hakina r na mtoto anaandika anavyotamka nyumbani. Lakini "mbwa" kuandikwa "ba"? Nimehesabu 19 ambao hawasomi. Nikaenda kwa mwalimu wa taaluma, akaniambia nifuate azimio la kazi, ule mpango wa mada za kufundisha mwaka mzima, nisije nikabaki nyuma. Nibaki nyuma ya nani, na watoto wenyewe ndio hawa? Usiku ule sikulala vizuri.

Jumatano, kipindi cha Historia, nikawatuma wakaulize wazee nyumbani walifikaje kijijini hapa. Alhamisi ungewasikia! Yule yule wa dirishani akasimulia kwamba bibi yake alihamishwa mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, akakataa kuliacha jiwe lake la kusagia, akalibeba kichwani. Kijana anasimulia huku mikono iko kichwani, shingo imelegea kwa uzito. Nikaandika ubaoni kama alivyosema: Bibi alibeba jiwe. Nikawaambia kila mmoja aandike sentensi moja ya kwao kwenye karatasi, kisha wabadilishane na dawati jingine. Sentensi imeandikwa sasa hivi, nani atakuwa ameikariri?

Yeye akapata karatasi ya binti mmoja: "Babu alikuja na ng'ombe mmoja." Akaisogeza karibu na pua. Kidole chini ya kila silabi, ba, bu, a, li. Alipofika kwenye ng'o akasimama, nikaona midomo inaijaribu bila sauti. Halafu akapasua: "Ng'ombe!" Sauti hiyo anayo tangu kwao, Kisukuma kimejaa ng'. Ilimchukua kama dakika mbili na darasa zima lilimngoja. Safari hii hakutazama dirishani hata mara moja.

Nimeshaamua kila wiki iwe hivyo: waulize, wasimulie, waandike, wasomeane. Ila vipindi ni vya dakika 40, na mwakani wana upimaji wa darasa la nne, naogopa.

Sasa nisaidie. Zile kadi za silabi ulizokata kwenye maboksi ya sabuni bado unazo, au uliziacha kwa Mama Mkubwa? Ulianza na mwa na bwa, au na nya? Wale wetu wa darasa la kwanza uliwatengaje wasiosoma bila wenzao kuwacheka? Nimwite bibi yake nimweleze, au nimwache kijana apate nguvu kwanza? Na Neema mwenyewe alianza kusoma lini hasa?

Usinijibu kwa simu. Niandikie karatasi, sentensi tano hivi kwa herufi kubwa kubwa, kuhusu bahari ya huko na wavuvi wake. Nataka nimpe kijana aisome yeye kwanza, kabla hata mimi sijaiona.

Wako,
Mama Kulwa