Risala ya wazazi wa watoto waliozaliwa na matatizo ya utumbo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Mtaa, viongozi wa dini, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa uzima, na wewe kwa kuacha majukumu yako mengi ukaja kwetu hapa mwaloni. Karibu sana.

Kikundi chetu kilianza kwa akina mama watatu waliokutana wakiuguza watoto wao Hospitali ya Bugando, Mwanza. Leo tuko wazazi 14, kutoka Igombe, Kayenze hadi Ukerewe. Mafanikio yetu ni makubwa: tumefungua akaunti, tumenunua cherehani moja, na tumeelimisha jamii nzima ya hapa. Sasa hata wachuuzi wa dagaa wanajua kwamba mtoto mchanga aliyemaliza siku mbili bila kupata choo cheusi cha kwanza, au anayetapika kijani, hana mchango wala hajapigwa jicho. Akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo, maana utumbo uliojisokota hufa kwa saa chache tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wa watoto wetu wana ugonjwa wa Hirschsprung. Mwisho wa utumbo wao mpana umekosa seli za neva tangu tumboni mwa mama, hivyo hausukumi choo, na tumbo linavimba likawa kama ngoma. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000, wavulana zaidi. Unatibika: madaktari huondoa kipande hicho na kuunganisha palipo pazima. Lakini wengi hutolewa kwanza utumbo nje ya tumbo ili choo kipitie hapo, wakisubiri upasuaji wa pili kwa miezi. Miezi hiyo ndiyo iliyotufanya tukuite.

Choo kikitokea tumboni kinahitaji mfuko wake maalumu wa kubandika. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka mitano atibiwe bure, nasi tunaishukuru Serikali. Ila mfuko tunaambiwa tukanunue. Tusioweza tunachana kanga kuukuu, tunakunja vipande na kumfunga mtoto kiunoni. Kitambaa kinalowa kabla uji haujapoa. Ngozi inababuka, inakuwa nyekundu kama nyama mbichi, na mtoto akiona beseni la maji anaanza kulia kabla hajaguswa. Mwanachama wetu mmoja aliacha biashara ya samaki, kazi yake ikawa kufua vitambaa ziwani kutwa mara tano. Mwanawe ana miaka sita na hajaanza shule, kwa sababu wenzake wanaziba pua.

Mgeni rasmi aliyekutangulia alisimama hapo uliposimama, akatuahidi katoni kumi za mifuko. Tulipiga vigelegele. Tulifuatilia ofisini mara nne. Mara ya nne tukaambiwa barua yetu haionekani. Hatusemi haya kumlaumu mtu. Nakala ya barua hiyo tumeiambatisha na risala hii, na nyingine tumemkabidhi msaidizi wako.

Ombi letu ni moja: mifuko ya saizi ya watoto, ya kutosha hadi kila mmoja afanyiwe upasuaji wa pili, na mifuko hiyo iingizwe kwenye bajeti ya afya ili mzazi ajaye asianze na kanga. Tunakuomba kwa heshima utujibu leo, hapa hapa, kwa idadi na tarehe. Hata zikiwa katoni mbili, tutashukuru. Na kama haiwezekani, utuambie leo, tusirudi tena kungoja mlangoni.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu wa kikundi