Dhahabu Kidogo, Mahali Pake

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote walio nyumbani. Barua yako nimeipata, na imenifurahisha sana kusikia kwamba mwaka huu kadi za sikukuu utazitengeneza mwenyewe. Umeniuliza ununue rangi gani ya dhahabu, maana ile uliyoijaribu kwenye karatasi nyeupe ilikauka ikawa hudhurungi iliyopooza.

Nitakujibu, ila naanza na jambo ninaloliona kubwa kuliko chupa utakayoichagua. Kadi hushikwa mkononi. Hutolewa kwenye bahasha, hugeuzwa, hufunguliwa, husogezwa karibu na dirisha. Rangi ya metali nayo hung'aa pale tu mwanga unapoipiga kwa pembe fulani, na pembe hiyo hubadilika kila mkono unapocheza. Kwa hiyo usijiulize dhahabu itapendeza wapi kadi ikiwa imelala mezani. Jiulize mtu atakapoifungua, ni sehemu gani itakayoinuka na kukutana na mwanga. Hapo ndipo pa kuipaka, na kwingine iache karatasi ipumue.

Sasa rangi yenyewe. Ndani ya chupa nyingi hamna dhahabu hata chembe. Kuna vipande vidogo mno vilivyo bapa, na kila kimoja hurudisha mwanga kama kioo. Katika rangi nyingi za akriliki (zile za kuchanganywa na maji ambazo zikikauka huwa kama plastiki) za siku hizi vipande hivyo ni vya madini ya ulanga, yaani maika, yaliyofunikwa tabaka jembamba la oksidi ya titani au ya chuma. Nyingine hutumia unga wa shaba uliochanganywa na zinki, na rangi ya fedha mara nyingi ni unga wa alumini. Unga wa shaba hung'aa kwa nguvu zaidi mwanzoni, lakini hewa huufanya ufifie na kuwa mweusi kadiri muda unavyopita. Kadi ambayo mtu ataiweka kabatini kwa miaka, mimi naipaka ya maika.

Vipande hivyo ni vizito, huzama chini ya chupa. Tikisa vizuri kabla ya kuanza, na ukimimina kwenye kisahani ukoroge tena kila baada ya muda mfupi. Paka tabaka jembamba, pitisha brashi upande mmoja, kisha iache. Ukirudi juu yake ikiwa imeanza kukauka, unavivuruga vile vipande visilale sawasawa, na hapo mng'ao hufa. Tabaka mbili nyembamba, ya pili baada ya ya kwanza kukauka kabisa, hushinda moja nene kila mara.

Kuhusu hudhurungi yako, nadhani tatizo ni karatasi nyeupe. Nyeupe ina mwanga mwingi wake yenyewe, kwa hiyo dhahabu hukosa cha kushindana nacho. Jaribu karatasi ya buluu iliyokoza, kijani cha msituni, nyekundu ya damu ya mzee au nyeusi. Kama lazima iwe nyeupe, tanguliza rangi ya kawaida chini: nyekundu ya udongo chini ya dhahabu, kijivu kilichokoza chini ya fedha. Mafundi waliobandika dhahabu halisi kwenye fremu na sanamu walitanguliza udongo laini mwekundu, na joto la rangi ile huonekana popote dhahabu ilipo nyembamba.

Karatasi ndiyo watu wengi huidharau, na ndiyo inayoibeba kazi yote. Ile ya kuchapia ya gramu 80, yaani uzito wake kwa mita moja ya mraba, hujikunja ikipata maji kidogo tu. Tafuta manila au kadi ya gramu 200 hadi 300. Kisha tafuta nyuzi zake zinalala upande gani: ikunje kwa upole bila kuivunja, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Upande mmoja utakubali, mwingine utapinga. Mkunjo wa kadi ufuate upande unaokubali, la sivyo utapasuka na kuonyesha utando mweupe mgongoni, hasa kwenye karatasi ya rangi iliyokoza. Karatasi nyingi za A4 nyuzi zake hufuata urefu. Ukiikata katikati ukapata vipande viwili vya A5, kisha ukakikunja kila kimoja katikati, mkunjo utakuwa umefuata nyuzi wenyewe. Utabaki na kadi ya milimita 105 kwa 148, inayoingia vizuri kwenye bahasha ya C6, ambayo ni milimita 114 kwa 162.

Kabla ya kukunja, weka rula na upitishe kalamu iliyoisha wino kwenye mstari, ukikandamiza kiasi. Mfereji huo mdogo ndio unaotenganisha kadi iliyonyooka na kadi iliyopinda.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, ambapo karatasi na rangi vinasaidiana. Kata umbo kutoka kwenye kadi ngumu: nyota, mwezi, jani, chochote kinachofaa sikukuu yako. Libandike mezani kwa selotepu, laza karatasi ya kadi juu yake, kisha sugua kingo za umbo kwa kitu chenye ncha ya mviringo, kama mpini wa brashi. Sugua polepole, ukizunguka umbo mara kadhaa, mpaka litokeze juu ya karatasi. Karatasi nene sana hukataa, kwa hiyo kwa kazi hii gramu 200 inatosha. Halafu chukua brashi kavu, iguse rangi kidogo sana, ipanguse kwenye kitambaa hadi ionekane kama haina kitu, na uipitishe juu juu. Rangi itashika miinuko peke yake na kuruka mabonde. Unapata dhahabu isiyo na mpaka mkali, inayoanza na kuisha yenyewe, na kidole cha msomaji kitaisikia kabla jicho halijaiona vizuri. Kwangu mimi hakuna stensili (kadi iliyotobolewa umbo la kupakia rangi) wala muhuri unaolifikia hilo.

Stensili nayo ina nafasi yake ukitaka michoro inayojirudia. Tumia sponji iliyo karibu kukauka na ugonge kwa wima. Rangi yenye maji hupenya chini ya kingo.

Umesema pia unataka picha inayosimama kadi ikifunguliwa. Njia rahisi ni ngazi ndogo. Chukua karatasi nyingine iliyokunjwa katikati, na kwenye mkunjo ukate mikato miwili sambamba, tuseme ya sentimita 4. Piga mstari wa kukunjia unaounganisha ncha zake, fungua, sukuma kile kipande kije mbele, kisha bandika picha yako kwenye uso wake. Kanuni moja haivunjwi: urefu wa mkato ukijumlishwa na urefu wa picha usipite urefu wa ukurasa kutoka mkunjo hadi ukingo. Kwenye kadi yetu ya sentimita 10.5, mkato wa 4 unaacha 6.5 kwa picha, nami ningeishia 6 ili ncha isichungulie nje kadi ikifungwa. Bandika karatasi hii ndani ya kadi yenyewe, lakini nyuma ya ngazi usitie gundi. Gundi ya maji ipake nyembamba sana, kwa sababu nayo hukunja karatasi kama rangi.

Na hapa lile neno langu la mwanzo linarudi kwa vitendo. Ile picha inayosimama, paka dhahabu kwenye kingo zake za juu tu. Kadi inapofunguka, kingo hizo husafiri kutoka kulala hadi kusimama, na mwanga huzipitia zote zikiwa njiani. Ukiipaka picha nzima, mwendo huo hauonekani.

Acha nafasi ya milimita 3 hivi kila upande wa mkunjo bila rangi. Usiruhusu pia akriliki itazamane na akriliki kwenye kurasa mbili za ndani. Zikibanwa pamoja bahashani hushikana, na mtu akifungua rangi hubanduka. Kama mchoro unalazimisha hivyo, weka kati yake kipande cha karatasi ya kuokea. Kadi iliyojipinda baada ya kupakwa, ilaze kati ya karatasi safi chini ya vitabu vizito usiku kucha, ila iwe imekauka kwanza.

Uliandika kwamba orodha yako ni ndefu na unaogopa kuishia njiani. Kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa, ile Henry Cole aliyomwagiza John Callcott Horsley achore huko London mwaka 1843, ilichapwa mistari, kisha ikatiwa rangi kwa mkono, nakala zipatazo 1,000. Kazi ya namna hiyo huenda kwa hatua. Kata zote, kunja zote, sugua maumbo yote, na dhahabu ije mwisho, ukiwa umekaa na kisahani kimoja na mkono umeshazoea mwendo. Usimalize kadi moja moja. Utachoka, na rangi itakukaukia kila mara. Wale wa karibu sana, hao watengee zenye ngazi. Wengine watafurahia nyota iliyosuguliwa, na haitakuwa zawadi ndogo.

Kabla hujakata chochote, pima bahasha ulizonazo kisha uniandikie vipimo. Kama si C6, nitakupigia hesabu mpya ya mikato na urefu wa picha, nikutumie pamoja na umbo la nyota ninalolitumia mimi.

Wasalimie wote.

Wako akupendaye daima.